Pembe Iliyoshika Mapema

Miezi minne iliyopita nilikwenda Bofa kupima madirisha ya hoteli moja, maana kazi yangu ni kushona mapazia. Nyuma ya jiko wafanyakazi wawili walikuwa wakizima chokaa kwenye pipa ili wapake mashina ya minazi. Harufu ilinifikia kabla sijawaona: harufu ya jiwe lililopata moto kisha likamwagiwa maji, kali, inayokwangua koo. Nikasimama katikati ya njia na futi yangu mkononi. Halafu nikageuka nikaondoka bila kupima hata dirisha moja, na meneja nikamwambia kwa simu kwamba tumbo limenishika.

Si tumbo. Chokaa na mimi tuna kesi ya zamani, na mshtakiwa ni mimi.

Haikupita wiki, Bi Tima, jirani yetu wa utotoni, akanipigia kutoka Malindi. Wenye mtaa wameunda kikundi, akasema, wamechoka kutazama nyumba za wazee zikianguka moja moja kama meno. Wanataka kuanza na nyumba ya Bibi yangu, marehemu Bi Rukia, na mjomba wangu Swaleh ameshatoa ruhusa. Jumamosi kuna kikao humo humo ndani. Nikamwambia nitaangalia nafasi. Kutoka hapo sikukaa kitako tena. Nilishona pazia moja mara mbili, nikalifumua mara mbili.

Tangu utotoni sijui kutulia. Bibi alikuwa akisema nimezaliwa na siafu miguuni, na nadhani wengi wenu mliolelewa na bibi zenu mliambiwa kitu cha namna hiyo. Nyumba yake ilikuwa katika vichochoro vya Malindi ya zamani, nyumba ya mawe ya matumbawe yenye kuta nene kiasi kwamba dirishani mtoto alikaa na miguu yake yote miwili ndani. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko hazizidi urefu wake na mafundi wa zamani hawakushindana na mti. Juu ya boriti palikuwa na mawe, na juu ya mawe sakafu nzito ya chokaa, hiyo ndiyo paa, ambapo Bibi alianika mtama na nguo. Mimi nililala chumba kimoja naye. Mama yangu alikuwa ameolewa mara ya pili Mombasa, na yule mume wake nilikuwa nimemwona siku mbili tu maishani mwangu.

Mwaka ule ninaousimulia, nikiwa bado mtoto wa shule, sakafu ilikuwa imevuja. Maji yalishuka ukutani yakachora ramani za kahawia, na mimi nikazipa majina, hii Lamu, hii Unguja, hii Maka. Mjomba Swaleh alipokuja kutusalimu hakuona ramani yoyote. Alikaa, akanywa chai, akainua macho juu, akamwambia Bibi kwamba masika yajayo ikivuja tena atamchukua akaishi kwake Mombasa, na nyumba kuna mtu anaitaka. Kila mtu alijua huyo mtu anaitakia nini. Alikuwa ameshavunja mbili mtaani akasimamisha ghorofa. Nilikuwa mlangoni nikisikiliza, na nilifanya hesabu yangu haraka: kwa Mjomba kuna kitanda cha Bibi, cha kwangu hakuna. Mimi nitapelekwa kwa yule baba wa siku mbili.

Bibi hakubishana naye. Alimaliza kikombe chake, akasema ataita watu wapige sakafu.

Kwa wasiojua, sakafu ya chokaa haimwagwi ikaachwa. Hupigwa. Mtaa mzima huja, wanawake hasa, kila mmoja na kigongo chake cha mti, wakaketi kwa safu juu ya paa na kuipiga polepole kwa siku tatu, mpaka chokaa ikae na isipitishe maji. Hakuna anayelipwa. Unakula, unaimba, unasengenya kidogo, na zamu ya nyumba yako ikifika wote watakuja kwako. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mabibi zao. Lakini kwanza yatakiwa chokaa, na chokaa yatakiwa fundi.

Fundi alikuwa Kahindi, Mgiriama wa ndani ndani huko kupita Gede, mtu mrefu mwenye maneno machache na vidole vyenye rangi ya unga. Alichoma chokaa kama babake alivyochoma, akirundika matumbawe juu ya magogo. Alikuja mwanzo wa likizo ndefu na mzigo wake na binti yake Kadzo, rika langu, ambaye alibeba mwiko wa baba yake na hakumruhusu mtu kuushika. Nilimwamkia fundi shikamoo, akaitika, kisha akachimba shimo uani mwetu na kutia mawe yake meupe yaliyokwisha kuchomwa. Alipomwaga maji, shimo likachemka bila moto. Nilikimbia ndani. Kadzo akanicheka hadi akashika mbavu, na kutoka siku hiyo tukawa marafiki wa kupigana.

Baada ya hapo, kusubiri. Chokaa ilifunikwa magunia yaliyoloweshwa, na fundi akawa anakuja mara moja kwa wiki kuitazama. Wiki moja. Mbili. Tatu. Kila asubuhi niliinua gunia nikaichokoa kwa kijiti. Kila alipokuja nilimuuliza kama imeiva, na kila mara alinijibu neno hilo hilo moja, bado. Nilimchukia kwa neno lile. Jirani yetu wa mkono wa kushoto alikuwa akijenga chumba juu ya paa lake kwa matofali na simiti, na mimi nilitazama kutoka paani: asubuhi wanakoroga, jioni imekuwa jiwe. Sisi tuna shimo la uji uani, mwezi mzima, na fundi anasema bado. Siku moja wingu moja jeusi lilipita juu ya mji, wingu la kupotea njia, nikadhani masika yamefika. Nilijificha chini ya kitanda cha Bibi nikalia. Bibi akasema subira yavuta heri. Nikasema moyoni kwamba heri yenyewe inachelewa sana.

Hatimaye siku ya kupiga ikafika. Sijapata kuona tena kitu kama kile, na inaniuma kusema hivyo. Wanawake karibu thelathini walipanda paani alfajiri na leso zao zimefungwa kiunoni, Bi Tima mbele, wakati huo kijana mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Watoto tulipewa vigongo vidogo. Chokaa ilimwagwa na kokoto, ikatandazwa, na vigongo vikaanza, taratibu kwanza, halafu vikashikana na wimbo. Nyimbo zilikuwa za kuwatania mawifi na mama wakwe, na waliotaniwa walikuwa wamekaa hapo hapo wakiitikia. Chini ikapikwa mbaazi za nazi na mahamri. Mikono yangu ilifurahi kupata kazi, ndiyo mara ya kwanza mtu kuniruhusu kugonga kitu kutwa nzima.

Lakini kulikuwa na kidole cha fundi. Kila baada ya muda Kahindi alipita nyuma ya safu, akainama, akabonyeza sakafu kwa kidole gumba, akakitazama kishimo kilichobaki, akatikisa kichwa. "Bado," anasema. "Pigeni." Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Na mimi, niliyekuwa namfuata nyuma nyuma, nikakiona kile kishimo na kile kichwa kinachotikiswa, nikajua siri ambayo watu wazima walikuwa wanafichana: sakafu imekataa. Fundi ameshindwa na haya zinamzuia kusema.

Sasa najua alikuwa akitafuta nini. Alama ya kidole ilimaanisha kwamba chokaa bado ina uhai, bado inapokea kipigo, na ilimradi inapokea huachi. Kutikisa kichwa kulikuwa ni kuwaambia wasichoke. Mtoto wa fundi angejua. Kadzo alijua, ningemuuliza angeniambia, lakini mimi si mtu wa kuuliza.

Siku ya tatu adhuhuri wote walishuka kuswali na kula. Mimi nikabaki juu nikisingizia kukusanya vigongo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye pembe iliyo juu ya kitanda cha Bibi, nikabonyeza kwa kidole changu. Kikazama. Siku tatu, watu thelathini, na pembe ya Bibi bado ni laini. Nikaruka ukuta mfupi kwa jirani, nikafunua mfuko wa simiti uliokuwa umefunguliwa, nikalijaza kopo tupu la maziwa ya unga, nikarudi, nikachota tena. Nilimwaga yote penye ile pembe, nikaongeza maji ya kuloweshea, nikakoroga kwa mikono mitupu nikilivuruga lile tabaka la chokaa mpaka rangi ikawa moja, halafu nikapiga kwa kigongo peke yangu kama mwenye wazimu. Mikono iliwaka. Sikujali. Nilikuwa naiokoa nyumba.

Waliporudi kazi iliendelea, na alasiri Kahindi alifika kwenye pembe. Akabonyeza. Kidole hakikuacha alama. Akabonyeza tena, akapiga magoti, akanusa. Nilisubiri asifu. Badala yake aliuliza, bila kupandisha sauti, kama kuna mtu aliyetia kitu hapa. Wanawake wakatazamana. Alisema pembe hii imeshika mapema mno, afadhali aivunje na kuimwaga upya, na itahitaji siku nyingine mbili. Watu walikuwa wamechoka, mikono imepasuka. Bi Tima akasema mbona hapo ndipo palipokaa vizuri kuliko kwengine kote, leo tunavunja kizuri? Wengine wakaitikia. Fundi akanitazama mimi, maana nilikuwa karibu. Akaniuliza, "Nawe mwanangu, hukuona mtu?"

"Sikuona," nikasema.

Jioni Bibi alinipaka mafuta ya nazi mikononi. Ngozi ilikuwa imeanza kubanduka. Alimpelekea Mjomba habari kwa mdomo wa watu, maana yeye hakuona haya kusifia: akawaambia na majirani wote jinsi mjukuu wake alivyopiga sakafu hadi mikono ikatoka ngozi. Niliinyoosha mikono nikapakwa.

Masika yalikuja kweli, mwezi wa nne, mvua ya kuanza asubuhi na kusahau kwenda. Sakafu nzima ilikaa kavu isipokuwa pahala pamoja. Pembe ile, iliyokuwa ngumu kama jabali, haikwenda pamoja na sakafu iliyobaki, ikajitenga, ikafanya ufa pande zote mbili. Maji yalidondoka kwenye mto wa Bibi. Niliutazama ule mto ukilowa nikaelewa. Kahindi aliitwa. Mjomba Swaleh alikuwapo, na Bi Tima, na majirani waliokuja kutazama. Fundi akabandua kipande, akakitia ulimini, akakitema.

"Hii si chokaa yangu," akasema.

Mjomba akacheka. Hakumtukana, lakini alicheka, na mtu mwengine nyuma akasema fundi akishindwa hukana kazi yake, na wakacheka wote. Walikuwa watu wema, watu wa kupigiana sakafu bila malipo, na walimcheka mtu mzima mbele ya mtoto wake. Nilikuwa mlangoni. Nilikuwa na mdomo. Nilijua kwamba nikisema, jina la chokaa litapona na la fundi litapona, na mimi nitapigwa na labda nitapelekwa Mombasa. Nikapima hivyo vitu viwili, na mnajua nilichagua kipi. Kahindi aliokota vifaa vyake. Kadzo alipita karibu yangu na ule mwiko, hakunitazama.

Nilipata nilichotaka. Bibi aligoma kuondoka, Mjomba akaleta mifuko ya simiti akaifunika sakafu yote, na tukabaki. Yule mtu wa ghorofa akaenda kutafuta nyumba nyengine, na alizipata, maana baada ya mto wa Bi Rukia kulowa hakuna aliyeitaka chokaa tena. Wote walifuata simiti. Wakapaka kuta, wakafunika paa, kwa mapenzi kabisa, kama mtu anayemfunika mgonjwa wa joto kwa blanketi. Mawe ya matumbawe yana chumvi na unyevu, yanataka kupumua. Yakazibwa pua. Kuta zikatokwa na jasho, zikamenyeka, boriti zikaoza zisionekane. Na vigongo vikawa kuni. Kupiga sakafu mtaani kwetu kuliishia juu ya kitanda cha Bibi yangu, na aliyekumaliza ni mimi, kwa makopo mawili.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe. Bibi alifariki miaka mingi baadaye, na sikumwambia. Tangu hapo nimehama nyumba saba, Mombasa, Mtwapa, sasa Kilifi, na zote nimezikimbia masika yakikaribia. Watu husema napenda mabadiliko.

Jumamosi ile nilikwenda. Ukumbi wa chini ulitandikwa majamvi, watu wapata arobaini, wengine siwajui, wapangaji wa kutoka bara wenye maduka yao mtaani nao wamekuja na majembe na ndoo. Bi Tima amezeeka lakini sauti ni ile ile. Kila aliyesimama alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, mpaka nikatamani kuuziba mdomo wa msemaji wa tano. Ubishi ulikuwa mmoja tu, chokaa au simiti. Vijana wa kikundi walikuwa wamemtafuta mtu anayejua chokaa, na mtu huyo alikuwa ameketi karibu na mlango na leso begani. Nilimjua kwa mikono. Kadzo.

Akaeleza kwa ufupi kwamba simiti yote itolewe, shimo lichimbwe, na watu wapige kama zamani. Bi Tima alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, kwamba chokaa waliijaribu, ya babake huyu huyu, Mungu amrehemu, na ilimmwagia marehemu Bi Rukia maji kitandani. Vichwa vikaitikia.  Kadzo alichukua mkoba wake, akasimama, akatafuta viatu vyake mlangoni. Kiatu kimoja alikuwa ameshakivaa.

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua. "Bi Tima, ile pembe niliiharibu mimi. Mlipokuwa chini mnakula nilitia simiti ya jirani. Fundi aliniuliza, nikakana."

 Nje mtu alikuwa akiburuta mkokoteni, tukausikia mpaka ukakata kona. Bi Tima aliangalia jamvi. Baadaye akasema, kama anayezungumza na jamvi lenyewe, "Na mimi nikamkataza kuivunja." Kadzo alikuwa bado mlangoni, mguu mmoja na kiatu.

"Kila masika," akasema, "baba alimwaga kisakafu kidogo nyuma ya nyumba yetu. Kimoja kila mwaka. Anakipiga, anakiacha mvuani, anakitazama. Mama akimuuliza wafanya nini, amjibu atafuta alipokosea kwa Bi Rukia. Viko kumi na sita. Hakuna kilichovuja hata kimoja." Akautua mkoba wake chini. "Amekufa akitafuta."

 Nilitaka kukimbia, miguu yangu yajua kazi hiyo, lakini mlangoni alikuwa amesimama yeye. Akavua kile kiatu, akarudi kukaa mahali pake. Hakuniambia amenisamehe. Alimwambia Bi Tima kwamba shimo litachimbwa Jumatatu.

Pembe niliivunja mimi mwenyewe, kwa nyundo, siku mbili. Chini yake boriti ilikuwa imekuwa vumbi. Nimekuja kutoka Kilifi kila Jumamosi, nikainua gunia, nikaliacha bila kuchokoa. Juma lililopita sakafu ilimwagwa, na wanawake wakapanda, na wanaume pia siku hizi, na mama mmoja Mkikuyu muuza viazi akapiga kigongo kumshinda kila mtu. Nyimbo zilikuwa zimesahaulika nusu, Bi Tima akawa anazichimbua moja moja. Mimi nilipewa pembe yangu. Hakuna aliyenipangia, lakini hakuna aliyekaa hapo.

Siku ya tatu, alasiri, mikono imeshapasuka tena pale pale, nilibonyeza kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki, na moyo ukaniruka kama wa mtoto yule. Nikainua macho. Kadzo alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Aliinama, akaweka kidole chake ndani ya alama ya kidole changu, akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Piga."